Zlín: jumba la Baťa lilivyorudishwa hadi mwaka 1933

Watoto wengi wa Kenya wameingia darasa la kwanza na Bata Toughees miguuni, zimenunuliwa kwa bei inayoishia na tisa. Kiwanda kiko Limuru, maduka yametapakaa nchi nzima, na wapo watu wazima wanaoamini kwamba Bata ni ya hapa hapa. Asili yake ni Zlín, mji ulio kwenye bonde la mto Dřevnice, huko Moravia, mashariki mwa Ucheki. Hata ile bei ya tisa ina uhusiano na mji huo, kwani Wacheki mpaka leo huiita bei ya Baťa.

Kisa ninachokichambua hapa ni cha jengo moja la mji huo. Lilijengwa 1933 kumkumbuka mwanzilishi wa kampuni, likageuzwa nyumba ya sanaa na muziki katika miaka ya 1950, kisha likakarabatiwa 2018 na 2019 hadi likarudi karibu na lilivyokuwa mwanzoni. Watu wa usanifu hulitaja kwa ajili ya kioo chake. Mimi naona uamuzi mgumu ulishafanywa kabla fundi yeyote hajapanda jukwaa. Wapangaji wa jengo walipatiwa makao mengine kwanza, na habari za kampuni, tamu na chungu, zikawekwa kwenye nyumba nyingine. Bila hatua hizo mbili, ukarabati ungekuwa ama kuwafukuza wanamuziki, ama kumjengea tajiri hekalu kwa mara ya pili kwa pesa za walipa kodi.

Mji na mwenyewe

Kampuni ilianzishwa 1894 na ndugu watatu: Antonín, Tomáš na Anna Baťa. Zlín wakati huo ilikuwa mji mdogo tu ndani ya milki ya Austria na Hungaria. Tomáš ndiye aliyekuwa na moto. Mwaka 1904 alikwenda Marekani, akafanya kazi kiwandani huko Lynn, Massachusetts, mji uliojulikana kwa viatu, akajionea kwa macho yake jinsi mashine zinavyopangwa ili kiatu kipite mkono hadi mkono bila kusimama. Vita Kuu ya Kwanza ilimletea oda za buti za jeshi. Baada ya vita ukaja mdororo, maghala yakajaa bidhaa zisizonunuliwa, naye mwaka 1922 akafanya jambo ambalo wenzake waliliona kama wazimu: alipunguza bei ya viatu vyake kwa nusu. Bango la tangazo lilichora ngumi ikilipondaponda neno la Kicheki lenye maana ya ughali wa maisha. Viatu vikauzika, na washindani wengi hawakuinuka tena.

Mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa meya wa Zlín. Tangu hapo kiwanda na manispaa vikawa na kichwa kimoja. Anayefahamu Magadi ya soda, Mwadui ya almasi, Kilembe ya shaba au Lubumbashi enzi za kampuni ya madini ya Union Minière hahitaji kuelezwa sana hali hiyo. Kampuni ilijenga nyumba, hospitali, shule, maduka, hoteli na sinema ya watu zaidi ya elfu mbili. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa ndogo, za matofali mekundu, paa bapa, kila moja ikizungukwa na majani na miti. Kodi ilikuwa nafuu. Lakini zilikuwa kota, na kota ina sheria yake: kazi ikiisha, na funguo unarudisha.

Lazima tuwe wa haki kwa pande zote mbili. Baťa aligawia idara za kiwanda hesabu zao wenyewe na sehemu ya faida, akaanzisha wiki ya siku tano wakati sehemu nyingi za Ulaya zilikuwa bado zinafanya kazi Jumamosi, na vijana wa kimaskini walipata elimu ya ufundi kwenye shule yake ya kazi iliyofunguliwa 1925. Huyo huyo hakutaka vyama huru vya wafanyakazi mlangoni pake, na idara yake ya wafanyakazi ilifuatilia maisha ya watu hadi majumbani mwao. Kuta za kiwanda zilipakwa kaulimbiu kubwa kubwa, mojawapo ikisema mteja wetu ndiye bwana wetu. Zlín ilikuwa safi, yenye mwanga, yenye mishahara mizuri, na isiyo na kona ya kujificha.

Asubuhi ya tarehe 12 Julai 1932, Tomáš Baťa aliamuru ndege yake iruke kutoka uwanja wa Otrokovice, jirani na Zlín, ingawa ukungu ulikuwa mzito. Alikuwa safarini kwenda Uswisi. Ndege hiyo, Junkers F 13, ilianguka muda mfupi baada ya kupaa, ikamuua yeye na rubani wake Jindřich Brouček. Kampuni ikachukuliwa na ndugu yake wa baba mmoja, Jan Antonín, ambaye aliipanua nje ya nchi kwa kasi kubwa zaidi. Miji iliyofanana na Zlín ikachipuka au kukua kwingine: Batanagar huko India, East Tilbury Uingereza, Batadorp Uholanzi, Borovo iliyo Kroatia ya leo.

Kiunzi cha kiwanda kilichovuliwa matofali

Kazi ya kujenga kumbukumbu ilimwangukia František Lýdie Gahura, msanifu wa mji. Alipewa mwaka mmoja, na jengo lilizinduliwa siku ile ile ya kifo, Julai 1933.

Ili kulielewa jengo hilo ni lazima kwanza ukielewe kiwanda. Majengo ya Baťa yalijengwa kwa kipimo kimoja: nguzo za zege zilizosimama mita 6.15 kutoka nguzo hadi nguzo, kwa urefu na kwa upana, kisha nafasi baina yake ikazibwa kwa matofali mekundu na madirisha. Kipimo hicho hicho kilitumika kwa karakana, kwa shule, kwa mabweni, kwa hoteli, kwa jengo la utawala. Mafundi walijua kila fomu ya kumwagia zege, wahasibu walijua gharama ya kila chumba kabla hakijajengwa, na mji mzima ukapata sura ya familia moja.

Gahura alichukua kiunzi hicho hicho, akaondoa tofali. Akabakiza zege na kioo tu. Kioo chenyewe si cha kuonyesha waziwazi. Ni kile chenye mawimbi kinachopitisha mwanga bila kupitisha sura, kimeshikwa na fremu nyembamba za chuma. Hakuweka ofisi, wala hakupanga vyumba vya kazi. Ndani, kitu kikuu kilichoonekana ni Junkers F 13 iliyotundikwa hewani, aina ile ile ya ndege iliyomuua Baťa. Jumba liliwekwa juu ya mteremko wenye nyasi, mabweni ya vijana wa shule ya kazi yakiwa yamepangwa pande zote mbili, likitazamana na mji chini. Kijana aliyeamka bwenini alfajiri aliliona kabla hajaona kiwanda.

Hekalu ni hekalu hata likijengwa kwa kipimo cha karakana, na nadhani wanaolisifu jengo hili kwa usahili wake huwa wanaruka jambo hilo. Usahili huu ulikuwa na kazi. Ulimwambia mfanyakazi kwamba marehemu hakuhitaji dhahabu wala sanamu ya farasi, kwamba kiunzi kile kile anachokifanyia kazi kila siku ndicho utukufu wake. Ni propaganda nzuri kuliko nyingi zilizojengwa Ulaya muongo huo, lakini ni propaganda. Mkarabati asipolikiri hilo mapema, atajikuta anaing'arisha bila kujua.

Miaka ya muziki

Vita vya pili vilimfukuza Jan Antonín. Aliondoka 1939 na mwishowe akahamia Brazil. Tarehe 20 Novemba 1944 ndege za Marekani zilipiga kiwanda kwa mabomu. Oktoba 1945 kampuni ikataifishwa. Mwaka 1947 Jan Antonín alihukumiwa kifungo bila yeye kuwepo mahakamani. Alikufa 1965, na hukumu ile ilifutwa 2007. Mwaka 1949 mji wenyewe ukabadilishwa jina ukaitwa Gottwaldov, kwa heshima ya rais wa kwanza wa kikomunisti, na kiwanda kikaja kuitwa Svit.

Katika mji wenye jina hilo, kumbukumbu ya bepari haikuweza kubaki juu ya kilima. Haikubomolewa. Katikati ya miaka ya 1950 msanifu Eduard Staša, naye mtoto wa shule hiyo hiyo ya usanifu ya Zlín, aliligeuza jumba kuwa Nyumba ya Sanaa: ukumbi wa tamasha kwa okestra na kumbi za maonyesho ya picha. Ndege haikuwa tena na nafasi.

Hapa ndipo wasimulizi wengi hukimbia, wanaiita miaka hiyo ya uharibifu kisha wanarukia 1989, ukomunisti ulipoanguka. Nakataa. Okestra iliyohamia pale ilianzishwa 1946 kama okestra ya wafanyakazi wa Baťa, leo inaitwa Filharmonia ya Bohuslav Martinů. Yaani waliopiga fidla ndani ya kumbukumbu iliyovuliwa jina la mwenyewe walikuwa warithi wa kampuni yake hiyo hiyo. Na Staša hakuwa mtu wa nyundo tu. Alipewa jengo la kioo lisilo na kuta, akatakiwa alifanye lisikilizike muziki, lipashwe joto wakati wa theluji, liwe na ngazi, vyoo na mahali pa kutundikia makoti. Aliziba, akagawa, akaongeza. Kwa zaidi ya miaka 50 watu wa Zlín walikuja pale jioni wamevaa nguo zao nzuri. Kwa vizazi viwili jengo lilikuwa na maana moja tu: muziki.

Kwa hiyo swali la mkarabati lilikuwa hili: nani mwenye haki zaidi juu ya jengo, Gahura aliyelijenga kwa ajili ya ukumbusho uliodumu miaka michache, au Staša aliyelifanya litumike nusu karne? Miaka ikihesabiwa peke yake, Staša anashinda.

Foleni ya kazi

Jina la Zlín lilirudi mwanzoni mwa 1990. Wiki chache kabla, Desemba 1989, Tomáš Jan, mtoto wa mwanzilishi aliyekuwa ameijenga upya kampuni kutokea Kanada, alifika mjini akapokewa na umati mkubwa. Wengi walitegemea kwamba kiwanda kitamrudia na ajira zitafufuka. Havikuenda hivyo. Kiwanda cha zamani hakikurudi mikononi mwa familia, Svit ikadhoofika hadi ikafilisika, na eneo la kiwanda likakatwakatwa kwa wamiliki wengi. Mji uliotengenezwa na kampuni moja ukabaki na majengo ya kampuni bila kampuni.

Majengo hayo yakaanza kurudi kazini moja baada ya jingine. Kwanza namba 21, lile refu la utawala lililosanifiwa na Vladimír Karfík na kukamilika kuelekea mwisho wa miaka ya 1930, mita 77.5 kwa urefu. Lilikarabatiwa 2003 na 2004, na sasa ndilo makao ya serikali ya mkoa na ofisi ya kodi. Ndani yake kuna ile ofisi maarufu iliyomo kwenye lifti, chumba cha mita sita kwa sita chenye sinki la maji ya bomba, kilichokusudiwa kumpandisha na kumshusha Jan Antonín kutoka ghorofa hadi ghorofa bila kuinuka kitini. Jan Antonín aliihama nchi kabla hajakitumia. Wageni hukipenda kuliko kitu chochote mjini, na sishangai.

Kisha ikaja zamu ya wapangaji wa jumba la kioo. Kufikia 2011 okestra ilikuwa imehamia kituo kipya cha kongamano kilichosanifiwa na Eva Jiřičná, mwenyewe mzaliwa wa Zlín. Ni ukumbi uliojengwa kwa ajili ya muziki tangu msingi, na hakuna mwanamuziki anayeweza kusema alihamishiwa pabaya. Mwaka 2013 yakafunguliwa majengo namba 14 na 15 ya kiwanda, yaliyojengwa upya baada ya mabomu ya 1944 na sasa kukarabatiwa na mkoa yawe taasisi moja: makumbusho ya kusini mashariki mwa Moravia, nyumba ya sanaa ya mkoa, na maktaba. Picha zilizokuwa zikionyeshwa kwenye jumba la kilimani zikapata kuta hapo.

Tazama mfuatano: okestra, kisha picha, na makumbusho kamili ya kampuni juu yake. Ni baada ya hapo tu, 2018, ndipo mafundi walipoingia kwenye jumba la kioo lenyewe. Mji wenye haraka ungefanya kinyume. Ungeanza na jengo la picha za kadi ya posta, ukakata utepe, kisha ukaanza kuhangaika na okestra isiyo na pa kufanyia mazoezi. Nimeona kwetu majengo ya kihistoria yakikarabatiwa kwa namna hiyo, wapangaji wakiambiwa wasubiri, na waliosubiri wakaishia kusahaulika.

Jambo lililomo ndani ya 14 na 15 lina uzito wake. Maonyesho ya kudumu yanaeleza mfumo wa Baťa kwa ukamilifu: mashine za kushonea, hesabu, matangazo, nyumba, viatu vya zamani na vya mataifa mbalimbali. Zimo pia studio za filamu za Zlín, ambako akina Karel Zeman na Hermína Týrlová walitengeneza filamu za vikaragosi, na kumbukumbu za wasafiri Jiří Hanzelka na Miroslav Zikmund, waliotoka Praha 1947 kwa gari la Tatra wakaivuka Afrika kutoka kaskazini hadi kusini. Hapo ndipo panapofaa mabishano. Mgeni ana nafasi ya kusoma, kulinganisha, kukasirika akitaka.

Kuvua na kuvisha

Ukarabati wa jumba ulisanifiwa na ofisi ya Transat, kazi ikiongozwa na Petr Všetečka, kwa niaba ya manispaa. Uamuzi mkuu ulikuwa kuondoa nyongeza za miaka ya 1950 na kurudisha umbo la 1933: uwazi mmoja mkubwa, nguzo, ngozi ya kioo, ndege.

Ugumu wa kwanza wa jengo la namna hii ni zege. Katika zege la miaka ya 1930 nondo mara nyingi ziko karibu na uso. Hewa hupenya polepole, zege hupoteza ile hali inayozuia kutu, chuma hukamatwa na kutu, na kutu ikivimba hubandua zege kutoka ndani. Kwenye jengo lenye matofali unaweza kuongeza unene wa plasta ukaficha ukarabati. Hapa nguzo zenyewe ndizo pambo. Ukiongeza sentimita chache, umeharibu uwiano ambao jengo zima linautegemea.

Kioo kina mgogoro wake. Ngozi nyembamba ya kioo na chuma haizuii joto la Julai wala baridi ya Januari. Ndiyo sababu mojawapo ya Staša kuongeza alivyoongeza: wasikilizaji waliokaa saa mbili hawawezi kutetemeka. Ukiweka vioo vizito vya kisasa vya tabaka mbili au tatu, fremu nazo zitalazimika kunenepa, na wepesi aliouota Gahura umekwisha. Njia ya kutokea ni ya kikatili kidogo, nayo ni kuondoa matumizi. Jengo lisilo na okestra, lisilo na picha za kuchora zinazodai unyevu usiobadilika, lisilo na wafanyakazi waliokaa mezani kutwa, linaweza kuwa jembamba. Usanifu wa 1933 uliwezekana kurudi kwa sababu kazi zote zilishahamishwa 2011 na 2013. Nikisema uamuzi ulitangulia mafundi, nina maana hiyo hasa. Upana wa fremu ya kioo uliamuliwa na kituo cha kongamano.

Halafu ndege. Junkers F 13 ilianza kuruka 1919, ikiwa ndege ya abiria ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa metali tupu. Zilizobaki ni chache na zimo kwenye makumbusho makubwa, mojawapo Deutsches Museum mjini München. Zlín ilitengenezewa nakala yenye ukubwa wa ndege halisi, ikatundikwa jumba lilipofunguliwa 2019.

Kuhusu nakala mimi hubadilika badilika. Kwenye makumbusho ya kawaida ningeikataa: mgeni amekuja kuona kitu chenyewe, na ukimpa mfano umwambie kwa herufi kubwa. Hapa naikubali, kwa sababu ndege ilikuwa sehemu ya usanifu tangu siku ya kwanza. Chumba kile bila ndege ni banda la kioo. Hakuna mtu angeelewa kwa nini kimeinuka hadi juu namna ile. Na nakala ina uaminifu wa aina yake: haijidai kwamba damu ya mtu ilimwagika kwenye chuma hiki.

Nisichokubaliana nacho

Kurudisha jengo kwenye tarehe moja ni kufuta tarehe nyingine. Kazi ya Staša imeondoka, na haitarudishwa na mtu. Wanaotetea uamuzi huo wana hoja nzito: nyongeza zake zilibuniwa kwa shughuli ambayo sasa ina nyumba bora, na majengo ya Gahura yenye nguvu kama hili ni machache mno. Nakubali hoja. Bado ningependa kipande kimoja kibakizwe pale pale, hata kama ni sehemu ya ngazi tu, ili mtoto wa Zlín aliyepelekwa na bibi yake kwenye tamasha mwaka 1975 awe na mahali pa kuonyesha kidole. Picha za zamani kwenye maonyesho haziwezi kufanya kazi hiyo.

Jambo la pili ni hatari ya mgeni wa saa moja. Anashuka garini, anapanda kilimani, anapigwa na ule mwanga mweupe, anaitazama ndege, anarudi. Amepata nusu ya 1933 iliyokusudiwa na kampuni, yaani mtu mkubwa aliyekufa akifanya kazi. Kota, ripoti za idara ya wafanyakazi, vyama vilivyozuiwa, mabomu na kutaifishwa viko chini bondeni, mwendo wa dakika chache kwa miguu, kwenye jengo lisilo na mvuto wa picha. Ningekuwa na sauti kwenye manispaa, ningeuza tiketi moja ya majumba mawili na kuanzisha matembezi bondeni, kwenye mashine, ili mtu apande kwenye kioo akiwa tayari na maswali.

Hata hivyo kuna faida moja ambayo Zlín imeipata karibu kwa bahati mbaya. Makumbusho mengi ya urithi wa kampuni hulipiwa na kampuni yenyewe, na anayelipa ngoma huchagua wimbo. Kampuni ya Bata ya leo ina makao yake Uswisi. Familia ilijenga makumbusho yake ya viatu Toronto, yaliyofunguliwa 1995 kwa juhudi za Sonja Bata, mke wa Tomáš Jan. Ni makumbusho mazuri, na yanahusu viatu vya dunia nzima kuanzia vya kale. Zlín kwa upande wake iko mikononi mwa mji na mkoa. Msimamizi wa maonyesho pale haripoti kwa idara ya masoko. Anaweza kuandika ukutani kwamba meya na mwajiri walikuwa mtu mmoja, na hakuna wa kumpigia simu. Je, anaitumia nafasi hiyo ipasavyo? Namuona mwenye haya kidogo, kwa sababu mji unaoishi kwa jina la Baťa, wenye chuo kikuu cha Tomáš Baťa tangu 2001, hauna hamu ya kumtia doa mtu wake. Lakini mlango uko wazi, na watafiti wa Kicheki wamekuwa wakiutumia.

Miji mingi ya kampuni huku kwetu bado ina kampuni, na hapo ndipo ugumu wa kuiga Zlín ulipo. Magadi bado inachimba soda, Mwadui bado inachimba almasi, Limuru bado inatoa viatu. Mwenye kota za zamani, daftari za mishahara, picha za wafanyakazi na klabu ya mabwana yuko hai na ana mawakili. Kuziokoa karatasi hizo hakuhitaji jumba wala kioo. Kunahitaji makubaliano ya maandishi kati ya kampuni na hifadhi ya nyaraka ya taifa au chuo kikuu, yakisema wazi nani atafungua maboksi na lini, yatiwe saini wakati kiwanda bado kina meneja anayejua funguo za stoo ziko wapi. Zlín ilibahatika: mengi ya hayo yalibaki mkononi mwa umma kwa sababu kampuni ilitaifishwa na mwenyewe akafukuzwa, bei ambayo sidhani kuna anayeitamani.